Maswali na Majibu: Kutafuta Hitilafu za Kompyuta

Maswali haya ni ya kujipima kabla ya mtihani wa vitendo wa matengenezo ya kompyuta. Mifano imechukuliwa Kasansa, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, mahali ambapo kipuri kikikosekana hukifuati mtaa wa pili, unakiagiza Mpanda au Sumbawanga na kungoja gari. Kwa hiyo fundi wa hapa anatakiwa kuwa na uhakika na ugonjwa kabla hajaagiza dawa. Mtahini naye anataka hivyohivyo: alama nyingi ziko kwenye mpangilio wa hatua.

Swali la 1. Mteja ameleta kompyuta ya mezani na kusema, "Fundi, imekufa." Utamuuliza nini kabla ya kushika bisibisi? (alama 3)

Jibu: Ilikufa lini na ikiwa inafanya nini, ilikuwa imechomekwa wapi, na nani aliifungua mara ya mwisho. Swali hili la tatu wateja hulikwepa, basi uliza kwa upole lakini uliza. Masika ongeza la nne: siku hiyo kulikuwa na radi?

Swali la 2. Kompyuta ya mezani haiwaki kabisa. Hakuna taa wala feni. Eleza hatua zako kwa mpangilio. (alama 10)

Jibu: Anzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Badilisha waya wa umeme kwa mwingine unaojua ni mzima. Tazama swichi iliyo nyuma ya pawa saplai, maana mtu anayefagia chini ya meza huweza kuizima bila kujua. Pawa saplai za zamani zina swichi nyingine, ndogo na nyekundu, ya kuchagua 115 au 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukiikuta kwenye 115 na ukawasha, utausikia mlipuko.

Huko kukiwa salama, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, kisha tumia macho na pua. Mjusi aliyeungua ndani ya pawa saplai hujitangaza kwa harufu. Usipoona kitu, chomoa plagi kubwa ya pini 24 kwenye mazabodi, unganisha waya wa kijani na mmoja wa nyaya nyeusi kwa kipande cha waya, halafu rudisha umeme. Pima kwa multimita: waya wa njano utoe volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3. Inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani njano isome kati ya 11.4 na 12.6. Ikisoma 10.8, pawa saplai imechoka hata kama feni yake inazunguka vizuri. Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea: mwanafunzi akiona feni inazunguka anaandika kwamba pawa saplai ni nzima na kuanza kulaumu mazabodi.

Pawa saplai ikifaulu, chomoa umeme, toa kipande cha waya, rudisha plagi, chomoa waya mdogo wa kitufe cha mbele, rudisha umeme, na uguse pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi mara moja. Kompyuta ikiwaka, kibovu ni kitufe. Isipowaka, kagua kapasita kwenye mazabodi. Iliyovimba kichwa au kuvuja imekufa. Mashine zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000 ziliugua sana ugonjwa huu kwa sababu soko la dunia lilijaa kapasita zenye kimiminika kibovu.

Onyo ambalo mtahini hulitafuta: usifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita zake kubwa huweza kushika volti zipatazo 320 kwa muda hata baada ya kuchomoa waya.

Swali la 3. Katika duka la kutoa fotokopi, kompyuta ya mezani hujizima na kujiwasha mchana, lakini usiku inafanya kazi vizuri. Kompyuta mpakato iliyo meza hiyohiyo haina tatizo. Jirani kuna mashine ya kukoboa mpunga. Eleza chanzo, namna ya kuthibitisha na tiba. (alama 8)

Jibu: Mota kubwa ya umeme inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida. Kwa sekunde hizo volti hushuka kwa kila aliye kwenye laini hiyo, na taa hufifia. Pawa saplai dhaifu au iliyozeeka haiwezi kuvumilia pengo hilo, kompyuta inaanza upya. Kompyuta mpakato imenusurika kwa sababu mbili: adapta yake hupokea volti 100 hadi 240, na betri inashika pale adapta inapoyumba.

Kuthibitisha hakuhitaji kipuri chochote. Weka multimita kwenye soketi, makini na vidole, na uitazame wakati mashine ya kukoboa inapowashwa. Ukiona namba inaporomoka kisha kompyuta inazima, umemaliza uchunguzi.

Tiba ni UPS. Wengi hukimbilia stebilaiza kwa kuwa ni rahisi, lakini stebilaiza hurekebisha volti iliyopo tu. Haina akiba ya kuziba pengo. Na UPS inayozima papo hapo umeme ukikatika usiitupe: pima kwanza betri yake ya volti 12, ambayo huchoka baada ya miaka michache. Inabadilishwa peke yake.

Kwa maoni yangu swali hili linafaa kurudiwa kila mwaka. Mpimbwe ni nchi ya mpunga, na fundi asiyejua uhusiano wa mashine ya kukoboa na kompyuta atauza pawa saplai tatu bila kutibu kitu.

Swali la 4. Mteja ana betri ya sola ya volti 12, Ah 100, na inveta yenye ufanisi wa asilimia 85. Linganisha muda atakaopata kwa kompyuta mpakato ya wati 65 na kwa kompyuta ya mezani pamoja na monita, jumla wati 150, ikiwa atatumia nusu ya betri. (alama 6)

Jibu: Mpakato: 65 ÷ 0.85 ni wati 76.5, gawa kwa 12 upate ampea 6.4. Nusu ya betri ni Ah 50. 50 ÷ 6.4 ni kama saa 7 na dakika 50. Ya mezani: 150 ÷ 0.85 ÷ 12 ni ampea 14.7, hivyo saa 3 na dakika 24. Tumetumia nusu ya betri kwa sababu betri ya risasi inayokaushwa kila siku hufa mapema. Mteja akilalamika kwamba kompyuta ya mezani inazima saa tatu na ushee baada ya jua kutua, hana hitilafu, ana hesabu.

Swali la 5. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini ni nyeusi. (alama 6)

Jibu: Tenga skrini na kompyuta kwanza. Kwenye mpakato, mulika skrini kwa tochi kutoka pembeni: ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya skrini ndiyo iliyokufa. Pia unganisha monita ya nje. Zote zikiwa nyeusi, nenda kwenye RAM. Zima, chomoa umeme na betri, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, pangusa unga wake, irudishe mpaka vishikizo vilie. Zikiwa mbili, jaribu moja moja, na katika kila nafasi. Sikiliza milio na hesabu mimweko ya taa, lakini usikariri maana yake kama jedwali la kuzidisha, kwani kila mtengenezaji ana yake. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na mashine ikapona, hujui ulitibu nini.

Swali la 6. Kompyuta huzima baada ya muda mfupi wa kazi, ikipoa inawaka. (alama 4)

Jibu: Joto. Bonde la Rukwa lina joto la kutosha hata bila kompyuta, na vumbi la kiangazi likichanganyika na unga wa pumba hujenga mkeka kati ya feni na mapezi ya kupozea. Mkeka huo hauonekani kwa nje. Toa feni ndipo uuone. Ng'oa vumbi kwa brashi na bloa, ukiwa umeshikilia feni isizunguke. Pesti ya prosesa iliyokauka ifutwe na kupakwa mpya, kiasi cha punje ya mchele.

Swali la 7. Majibu mafupi. (alama 2 kila kimoja)

(a) Saa na tarehe hurudi nyuma kila ikizimwa. Jibu: betri ya mazabodi, CR2032 ya volti 3, imekwisha.

(b) Diski kuu inagonga "tik, tik". Jibu: okoa data kwanza, kisha zima. Usiijaribu tena na tena, kila jaribio linaweza kuwa la mwisho.

(c) Kibodi ya mpakato imeinuka katikati. Jibu: yaelekea betri imevimba. Usiitoboe, usiichaji, itoe na kuiweka mbali na vitu vinavyowaka.

(d) Dell inawaka kwa umeme lakini haichaji, ingawa adapta inatoa volti 19.5 kamili. Jibu: pini nyembamba ya katikati ya plagi ndiyo inayoitambulisha adapta kwa kompyuta. Ikipinda au kukatika, au adapta ikiwa ya kuigiza, kompyuta hukataa kuchaji. Kagua pini kabla ya kumuuzia mteja betri.