Mgonjwa wa Saratani Anapokosa Pumzi: Nafuu Inayoweza Kupatikana Nyumbani

Mgonjwa wa saratani anapoanza kutweta, wazo la kwanza la familia nyingi ni mtungi wa oksijeni. Simu hupigwa, mchango huanzishwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, mbuzi huuzwa, na mtungi wa kukodi hufikishwa nyumbani usiku. Wako ambao oksijeni huwasaidia. Wengine hubaki wakihangaika vilevile hata baada ya pesa kuisha, ilhali dawa ambayo ingewatuliza ni ya bei nafuu, na familia imeshaambiwa iiogope.

Jambo hili linagusa nyumba nyingi. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka wa 2022 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 44,000, na vifo zaidi ya 29,000. Wengi hugundua ugonjwa ukiwa umeshaenea, na kwao huduma inayohitajika zaidi ni tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso ya mwili na ya moyo pamoja na kuisaidia familia yake. Huduma hii haimaanishi kwamba matibabu mengine yamekoma. Kenya haikuianza jana: Nairobi Hospice ilifunguliwa mwaka wa 1990, na hospitali kadhaa za umma zina kitengo chake.

Chanzo kitafutwe kwanza

Kukosa pumzi ni dalili, na nyuma yake huwa kuna sababu. Nyingine hutibika hata kama saratani yenyewe haitibiki, kwa hiyo si vizuri kusema "ni saratani tu" na kukaa.

Mwanamke mwenye saratani ya matiti anaweza kujaa maji kati ya pafu na ukuta wa kifua. Maji hayo hutolewa kwa sindano au mrija, na mgonjwa aliyekuwa akilala ameketi anaweza kulala chali usiku uleule. Mwenye saratani ya mlango wa kizazi ambaye ametokwa damu kwa wiki kadhaa anaweza kuwa anahema kwa sababu ya upungufu wa damu. Huyo huenda anahitaji kuongezewa damu. Saratani ya umio, ambayo imeenea sana sehemu za magharibi na Bonde la Ufa, ina ishara yake: mgonjwa hukohoa kila anapomeza maji au uji. Huenda chakula kinaingia kwenye njia ya hewa, na kumlazimisha kula kunamzidishia. Kisha kuna nimonia, kifua kikuu, pumu ya zamani, moyo dhaifu, na tumbo lililojaa maji likabana mapafu kutoka chini.

Kuna hali zisizongoja kesho. Pumzi ikikatika ghafla pamoja na maumivu ya kifua, hasa kama mguu mmoja umevimba, damu iliyoganda inaweza kuwa imefika kwenye mapafu. Uso na shingo vikivimba na mishipa ya shingo kutokeza, uvimbe unaweza kuwa umebana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Homa kali, kukohoa damu, au midomo kugeuka rangi ya samawati navyo ni vya kupelekwa hospitalini mara moja, isipokuwa mgonjwa na daktari wake walishakubaliana kwamba atabaki nyumbani na dawa za kumtuliza ziko tayari.

Chumba, mto na upepo

Desturi ya nyumba nyingi ni kufunga madirisha mgonjwa "asipigwe na baridi", kumfunika blanketi mbili, na wageni kujaa hadi mlangoni. Kwa mtu anayetafuta hewa hayo ni mateso. Dirisha lifunguliwe. Wageni waingie wawili wawili, wengine wasubiri nje. Maombi hayapungui nguvu yakifanyiwa sebuleni. Jiko la makaa lisiwekwe kabisa katika chumba anacholala, kwa sababu moshi wake unaumiza mapafu na hewa yake isiyo na harufu inaweza kuua hata mtu mzima wa afya.

Upepo wa moja kwa moja usoni ni dawa inayodharauliwa. Mwaka wa 2010 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo ya watu 50 waliokuwa wakisumbuliwa na pumzi. Kila mmoja alipepewa kwa feni ndogo ya mkononi, mara moja usoni na mara nyingine mguuni. Feni ya usoni ndiyo iliyopunguza hali ya kukosa pumzi. Neva za mashavuni na puani huhisi ubaridi wa upepo, na ubongo hupunguza ile hisia ya kukosa hewa. Pasipo feni, kipepeo cha ukindu cha kuchochea jiko kinatosha, hata kipande cha katoni. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kikipitishwa usoni nacho husaidia.

Namna ya kukaa ni muhimu vilevile. Mgonjwa aketishwe wima, mgongo ukiegemea mito mitatu au gunia la nguo, au ainamie mbele huku mikono ikipumzika juu ya meza yenye mto. Kama upande mmoja wa kifua ndio mbovu, mgonjwa mwenyewe atajua upande unaompa nafuu, aachwe achague. Afundishwe kuvuta hewa polepole kwa pua na kuitoa kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepoza chai, kutoa kukichukua muda mrefu kuliko kuvuta. Haya yafanyiwe mazoezi mchana akiwa ametulia. Saa tisa usiku, pumzi ikiwa imekatika, hakuna anayejifunza jambo jipya.

Nguvu zake zihesabiwe kama pesa kidogo mfukoni. Aoge akiwa ameketi kwenye kiti, apumzike kabla ya kuvaa, ale kidogo mara nyingi, na choo cha ndoo kiwekwe karibu na kitanda ikiwa cha nje kiko mbali.

Pia kuna hofu. Kukosa pumzi huleta hofu, hofu huharakisha pumzi, na pumzi ya haraka huleta hofu zaidi. Mtu mmoja aliyetulia, aliyemshika mkono na kuongea kwa sauti ya chini, anaweza kuukata mzunguko huo. Watu sita wanaopiga mayowe huuzidisha.

Oksijeni ina mahali pake

Mwaka wa 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 239 wa Australia, Marekani na Uingereza ambao walisumbuliwa na pumzi ingawa oksijeni katika damu yao haikuwa chini sana. Nusu walipewa oksijeni kupitia mirija ya puani, nusu wakapewa hewa ya kawaida kupitia mirija ileile, bila wao kujua ni ipi. Baada ya siku 7 oksijeni haikuwa imeishinda hewa ya kawaida. Fundisho lake ni la moja kwa moja: kabla ya kukodi mtungi, mgonjwa apimwe kwa kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Kipimo kikiwa chini ya asilimia 90, oksijeni inaweza kumfaa, na daktari ataamua. Kikiwa juu ya hapo, pesa hizo huenda zingefanya kazi zaidi kwenye nauli ya kliniki na chakula.

Panapotumika oksijeni, pasiwe na sigara, mshumaa, koroboi wala jiko chumbani. Moto hushika kwa kasi ya ajabu pale oksijeni inapovuja.

Mofini si dawa ya kuua

Mofini ya kunywa iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wengi huijua kama dawa ya maumivu makali, lakini kwa kiwango kidogo hutumika pia kupunguza mateso ya kukosa pumzi kwa mgonjwa wa saratani, pale ambapo chanzo kimeshughulikiwa na njia za hapo juu hazikutosha. Haiongezi hewa kifuani. Hutuliza jinsi ubongo unavyoipokea shida ile. Haimsaidii kila mtu kwa kiasi kimoja, ndiyo maana hujaribiwa kwa siku chache kisha mgonjwa huangaliwa tena.

Hadithi ya kwamba mofini ndiyo "dawa ya mwisho" imetokana na kuchelewa. Familia ikiikataa kwa miezi miwili, kisha ikaikubali siku mbili kabla ya mgonjwa kufariki, mofini hulaumiwa kwa kifo ambacho kilikuwa tayari mlangoni. Kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia, kiwango cha kuanzia kwa kawaida ni miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4, na kidogo zaidi kwa mzee au mwenye figo dhaifu. Kikipangwa na mtaalamu na kuongezwa polepole, kiwango hicho hakimfanyi mgonjwa aache kupumua. Kiwango hupangwa na mtaalamu tu, na chupa hutofautiana nguvu, kwa hiyo kijiko cha jirani si kipimo cha mgonjwa huyu.

Mofini hufunga choo. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Kichefuchefu na usingizi huja siku za mwanzo, kisha mara nyingi hupungua. Asipewe pombe wala dawa za usingizi ambazo daktari hakuzipanga. Mgonjwa akiwa haamshiki, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, dozi inayofuata isitolewe mpaka mhudumu wa afya apigiwe simu. Chupa ifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki.

Siku za mwisho

Inafaa mambo machache yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani mapema: nambari ya muuguzi wa tiba shufaa na ya mhudumu wa afya ya jamii, dozi na saa zake, na mahali ambapo mgonjwa mwenyewe angependa kuwa. Aulizwe akiwa bado na nguvu ya kujibu. Wagonjwa wengine wamefia ndani ya gari, wakikimbizwa usiku kwenda hospitali ambayo hawakuitaka, kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Saa za mwisho pumzi hubadilika. Husimama kwa sekunde kadhaa, kisha huanza tena. Mate yaliyobaki kooni hutoa sauti ya kukoroma inayowatisha walio chumbani, ingawa mgonjwa asiye na fahamu kwa kawaida hateswi nayo. Alazwe ubavu, kichwa kikiinuliwa kidogo. Asinyweshwe uji wala maji kwa nguvu. Midomo ipakwe maji kwa pamba. Muuguzi anaweza kutoa dawa ya kupunguza mate hayo.

Mofini inayobaki baada ya mgonjwa kuaga dunia hairithiwi na mgonjwa mwingine wala haimwagwi kwenye mfereji. Hurudishwa kwenye duka la dawa la hospitali iliyoitoa.