Wadogo wa Topeni, Faida Kubwa

Ndugu wanakikundi, tukichota kiganja cha tope la mikoko pale Mida, karibu na Watamu, twaona tope tupu. Kumbe mna maelfu ya viumbe hai! Wengi ni minyoo waitwao nematodi, wembamba kuliko uzi, wadogo mno. Si wale minyoo wa tumboni.

Kazi yao? Hula bakteria na mwani mdogo sana, na husaidia majani ya mikoko kuoza. Nao huliwa na kamba na samaki wachanga, ambao kesho ni kitoweo chetu na karo ya watoto.

Tukikata mikoko ovyo, tope lapigwa na jua, majani hayaanguki tena, chakula hicho chapungua.

Jadilianeni: Kwetu pamekatwa wapi? Nani atapanda miche, na nani ataichunga?