Dondoo muhimu: Kupata maana yako katika nyimbo za wasanii wa kujitegemea

Usikimbilie kusoma mashairi kwenye simu. Sikiliza kwanza mara mbili tatu, kisha andika mstari uliokuganda, hata kama umeusikia vibaya. Mwanamuziki Justin Vernon wa kundi la Bon Iver, alipojifungia kwenye kibanda cha baba yake huko Wisconsin, Marekani, kurekodi albamu ya *For Emma, Forever Ago*, alitanguliza sauti tupu. Maneno aliyatafuta baadaye yaendane nazo. Nyimbo za namna hiyo usizikamue neno kwa neno. Jiulize zimekukumbusha nani, na wapi.

*Carrie & Lowell* (2015), albamu ya Sufjan Stevens, ni tofauti: inamlilia mama yake, aliyefariki 2012. Hapo jua kisa kwanza, msiba wako utapata pa kuingilia.

Miezi ikipita, rudia wimbo uleule, uandike tena mstari unaokuganda.