Bunduki Kongwe ya Mitutu Miwili: Tathmini Kabla ya Ukarabati

Mara nyingi jambo hili hujulikana baada ya matanga. Ndugu wanapohesabu mali ya marehemu, yaani ng'ombe, shamba, mtumbwi na nyavu, hutolewa chini ya kitanda kitu kirefu kilichoviringishwa katika blanketi. Ni bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, ambayo mzee aliitumia kulinda shamba dhidi ya nyani na ngedere. Kitako kimepauka na chuma kimeshika kutu, lakini vifyatulio bado vinafanya kazi. Hapo huzuka maneno. Mmoja hutaka isafishwe ilinde nyumba, mwingine huona ni mali ya kuuzwa, na mjane huogopa hata kuitazama.

Somo hili linawaeleza wakazi wa Mwisenge na kata jirani namna silaha ya aina hiyo inavyotathminiwa, na wakati gani inafaa kukarabatiwa. Halimfundishi mwananchi kuifungua silaha mwenyewe. Kazi hiyo ni ya fundi silaha mwenye leseni. Linamwezesha mrithi kuuliza maswali yanayostahili na kuyaelewa majibu.

Uhalali hutangulia chuma

Swali la kwanza si kama bunduki inafyatuka, bali ni ya nani mbele ya sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, huitambua leseni kuwa ni ya mtu aliyepewa, si ya ukoo. Mwenye leseni akifariki, mtoto hairithi leseni hiyo kama anavyorithi shamba. Kuendelea kuiweka bunduki ndani kwa sababu tu "ilikuwa ya baba" kunaweza kumwingiza mjane au kijana katika kosa la jinai bila yeye kujua.

Kwa hiyo, familia inayokuta silaha itoe taarifa mapema kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi, ikiwa na kitabu cha leseni cha marehemu kama kipo. Silaha isibebwe kwenye gunia juu ya bodaboda kupelekwa kituoni. Iachwe ilipo, chumba kifungwe, watoto wasogezwe mbali, na polisi waombwe kuja au kutoa maelekezo. Bunduki yoyote ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka mwenye ujuzi athibitishe vinginevyo.

Mrithi anayetaka kuimiliki hulazimika kuomba leseni yake mwenyewe. Ni lazima awe ametimiza umri wa miaka 25, awe na akili timamu na mwenendo mwema, na athibitike kuwa anaweza kuitumia silaha kwa usalama. Maombi huanzia mtaani, hupitia kata na vyombo vya ulinzi na usalama, hadi kwa Msajili wa Silaha katika Jeshi la Polisi. Silaha isiyo na kumbukumbu yoyote husalimishwa. Miaka ya karibuni Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, lakini si busara kusubiri kipindi kingine ilhali silaha iko chini ya kitanda.

Alama zilizofichika

Uhalali ukishabainika, tathmini ya fundi huanzia mahali pasipoonekana. Bunduki ya mitutu miwili hukunjika kwenye bawaba, na mitutu ikitenganishwa na kitako, upande wake wa chini huonekana alama ndogo zilizogongwa katika chuma. Alama hizo ni ushahidi kwamba mtutu ulijaribiwa kabla ya kuuzwa, kwa kufyatuliwa baruti nyingi kuliko kawaida ili udhaifu wake ujitokeze mbele ya wakaguzi, si usoni mwa mnunuzi.

Desturi hiyo ni ya kale. Chama cha mafundi bunduki cha London kilipata hati yake mwaka 1637, nyumba ya majaribio ya Liège nchini Ubelgiji ilianza mwaka 1672, na ile ya Birmingham ikaanzishwa kwa sheria mwaka 1813. Ujerumani ilitunga sheria yake ya majaribio mwaka 1891, wakati ikiitawala nchi yetu. Ndiyo maana bunduki kongwe ya Afrika Mashariki inaweza kubeba alama za Suhl, Birmingham au Liège. Zile za baadaye kutoka Izhevsk, Urusi, hujulikana kwa jina la Baikal.

Fundi hutazama pia namba. Namba iliyo kwenye mitutu ilingane na ile ya mwili wa bunduki, na zote zilingane na kitabu cha leseni. Zikitofautiana, huenda silaha imeunganishwa kutokana na mbili. Zikiwa zimefutwa kwa tupa, hapo hakuna tena suala la ukarabati. Ni suala la polisi.

Ndani ya mitutu

Kitako kinachong'aa humvutia mnunuzi, lakini bunduki huhukumiwa ndani ya mitutu. Fundi huanza kwa kuhakikisha kuwa njia iko wazi. Silaha iliyolala darini miaka mingi huweza kuwa na kiota cha nyigu wa udongo. Donge dogo la udongo mkavu linatosha kuupasua mtutu bunduki inapofyatuliwa.

Njia ikiwa wazi, hutazamwa mashimo ya kutu. Wekundu wa juujuu huondoka kwa mafuta na brashi. Mashimo yaliyokula chuma hayaondoki. Kuyachonga hadi yatoweke ni kuupunguza unene wa ukuta wa mtutu, na mtutu ambao ndani unang'aa kama kioo huweza kuwa dhaifu kuliko wenye madoa. Hutafutwa vilevile mbonyeo na uvimbe. Mbonyeo mdogo hurekebishika kwa fundi hodari, lakini uvimbe wa mviringo ni dalili kwamba mtutu ulikwisha kukaribia kupasuka.

Ipo mitutu ya kale yenye mistari mizuri kama nyuzi za mkeka. Hiyo ilitengenezwa kwa kusokota na kufua vipande vya chuma pamoja, na mingi ilijaribiwa kwa baruti nyeusi, yenye nguvu ya taratibu. Baruti isiyo na moshi ilianza kuenea baada ya mwaka 1884, na mtutu usio na alama ya kujaribiwa kwa baruti hiyo haustahili kupigiwa risasi za leo, hata kama ni mzuri kiasi gani.

Chemba na risasi

Kosa linaloweza kumpata hata mtu makini limo katika chemba, yaani sehemu inayopokea risasi. Namba 12 inayotajwa sana hutokana na hesabu ya zamani: risasi 12 za duara za madini ya risasi, kila moja ikienea ndani ya mtutu, hufanya uzito wa ratili moja. Upana wake ni takribani milimita 18.5. Lakini upana si urefu. Bunduki nyingi kongwe zina chemba ya milimita 65, ilhali risasi nyingi za sasa ni za milimita 70.

Urefu huo wa risasi hupimwa baada ya ganda kufunguka. Kabla ya kufyatuliwa, mdomo wa ganda umekunjwa, hivyo risasi ndefu huingia vizuri katika chemba fupi bila kizuizi chochote. Inapofyatuliwa, mdomo hufunguka mahali palipobana, na shinikizo hupanda kupita kiasi. Kwa hiyo, "imeingia" si uthibitisho kwamba "inafaa".

Maungio, mitambo na mti

Fundi huikunja na kuifunga bunduki akisikiliza mlegeo. Mitutu ikitikisika ilipofungwa, au mwanga ukipenya kati ya mitutu na mwili, maungio yamechakaa. Yanaweza kukazwa, lakini kwa kazi ya ustadi, si kwa kugongwa nyundo. Kitako nacho hukaguliwa nyuma ya mwili wa chuma, ambako nyufa hupenda kuanzia. Kizuizi cha usalama na kila kifyatulio hupimwa kwa risasi za bandia.

Ukarabati unaofaa na usiofaa

Ukarabati mwema huondoa kutu, husafisha mafuta yaliyoganda, huziba ufa wa kitako na kuulisha mti kwa mafuta ya kitani. Ukarabati mbaya hutumia msasa na mashine ya kung'arisha. Hufuta alama za majaribio, hufifisha namba na kuharibu thamani yote. Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1934, mwaka ambao Mwalimu Nyerere alianza darasa la kwanza katika Shule ya Mwisenge, imevuka miaka 90. Haitazamiwi kuonekana mpya.

Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, unyevu ni adui wa kudumu. Mfuko wa ngozi au blanketi hushika maji na kuyabana kwenye chuma. Mwenye leseni aitunze silaha ikiwa kavu, imepakwa mafuta kidogo, katika kabati la chuma lenye kufuli, na risasi zikae mahali pengine.

Kufikia uamuzi

Baada ya tathmini, mrithi ana njia tatu. Kama silaha ni halali, ni salama na ana sifa, aombe leseni na kuikarabati. Kama ni halali lakini haihitaji, aulize polisi utaratibu wa kuihamishia kwa mwenye sifa. Kama haina kumbukumbu au mitutu yake imekufa, aisalimishe.

Kusalimisha si kumsahau mzee. Mkoa wa Mara unajua gharama ya silaha zisizo na mwenyewe: baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, bunduki zilizobaki mikononi mwa watu zilizidisha ukatili wa wizi wa mifugo huko Tarime. Familia inaweza kuandika kumbukumbu za marehemu, mahali alipolima na wanyama aliowafukuza, kisha ikaiweka karatasi hiyo pamoja na picha yake sebuleni. Kumbukumbu hiyo haihitaji leseni, na mtoto akiichezea hakuna atakayeumia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini leseni ya marehemu haimlindi mrithi?
2. Risasi ikiingia katika chemba bila tabu, je, hiyo ni thibitisho kwamba inafaa? Eleza.
3. Kwa nini mtutu unaong'aa ndani unaweza kuwa hatari kuliko wenye madoa?