Pete Inayofunga Lenzi



Katika fizika tunajifunza lenzi kwa kuchora mistari ya nuru: foki hapa, sura pale. Lakini kwenye daftari lenzi inasimama peke yake, hakuna kitu kinachoishika. Katika mikroskopi, darubini ao aparei ya foto haiko vile. Kioo kinashikwa na vipande vya chuma, na hivi vipande ndivyo vinavyoamua kama tutaona vizuri ao tutaona ukungu tu. Sisi wafinalisti tumeona ni vema tuvieleze hapa.

1. KAZI TATU ZA KISHIKIO

Kwanza, kuweka lenzi katikati, ili nuru ipite katikati ya lenzi zote kwa mstari mmoja. Pili, kuiweka kwa umbali unaotakiwa na lenzi ya jirani. Tatu, kuishika isicheze, lakini bila kuiminya. Hii ya tatu watu wengi wanaisahau. Kioo kikiminywa kinapinda kidogo sana. Jicho haliwezi kuona kule kupinda, lakini sura inaharibika.

2. VIPANDE VYENYEWE

Lenzi inaingia ndani ya mrija wa alumini ao wa shaba ya manjano. Ndani ya mrija kuna ukingo mdogo, lenzi inakalia pale. Kama lenzi ni mbili, pete moja isiyo na meno inawekwa kati yao ili kutunza umbali. Kiisha inakuja pete ya kufunga: ni nyembamba, iko na meno ya visi upande wa nje, nayo inazungushwa ndani ya mrija mpaka kugusa kando ya lenzi.

Mtazame vizuri hiyo pete: mara nyingi iko na vipasuko viwili vinavyoelekeana. Haviko pambo. Ni mahali pa kutia ufunguo wenye ncha mbili, ili nguvu igawanyike sawasawa. Mtu akisukuma upande mmoja kwa ncha ya kisu, pete inakaa mshazari, meno yanakatika, kisu kinateleza, na kioo kinapata mkwaruzo usiotoka tena.

Katika objektifi za mikroskopi kuna lenzi ndogo sana ambazo hazina nafasi ya pete. Pale fundi anaweza kukunja mdomo mwembamba wa chuma juu ya kando ya kioo, nao haufunguki tena. Zingine zinashikwa na gundi. Kuna tena vishikio vinavyogusa lenzi mahali patatu tu. Juu ya nini patatu? Tuwaulize mama zetu jikoni: chungu juu ya mafiga matatu hakichezi, hata kama mawe hayalingani. Ukiongeza la nne, chungu kitayumba, ao jiwe moja litabaki bila kazi.

3. HESABU NDOGO

Tutwae lenzi ya milimita 50 ndani ya mrija wa alumini. Joto linapanda toka digri 20 mpaka 40. Kwa kila digri, mita moja ya alumini inaongezeka mikromita 23 hivi. Mita moja ya kioo cha kawaida cha lenzi inaongezeka mikromita 7 hivi.

Alumini: 0,05 x 23 x 20 = mikromita 23.
Kioo: 0,05 x 7 x 20 = mikromita 7.
Tofauti: mikromita 16.

Basi wakati wa joto nafasi kati ya kioo na chuma inakuwa kubwa. Wakati wa baridi chuma kinajikunja kupita kioo, na kama fundi hakuacha nafasi, kioo kinabanwa, kinaweza hata kupasuka. Ndiyo sababu lenzi haiingizwi kwa nguvu, na pete inakazwa mpaka lenzi inaacha kucheza, basi.

4. MILIMITA MOJA NA NUSU HAIKUFIKA

Mwezi wa 4 mwaka 1990 Marekani ilirusha angani darubini Hubble, yenye kioo cha kurudisha nuru cha mita 2,4. Picha za kwanza zilikuwa na ukungu. Uchunguzi ulionyesha kwamba, katika chombo kilichotumiwa kupimia kile kioo wakati wa kukichonga, lenzi moja iliwekwa mbali na mahali pake kwa milimita 1,3. Kioo kilichongwa kwa uangalifu mkubwa kikafuata kipimo kibaya. Tena vipimo vingine vilikuwa vimeonyesha kosa, lakini watu hawakuviamini. Mwezi wa 12 mwaka 1993 wanaanga walipanda kule juu kutia vyombo vya kusahihisha nuru, na darubini ikaona vizuri.

Kwa hiyo, kioo kizuri bila kishikio kizuri ni kazi bure.

5. KATIKA LABO YETU

Mtu asifungue objektifi, hata kama anaona ukungu. Kwanza apanguze uso wa nje kwa kitambaa safi na laini. Akisikia lenzi inacheza, hapana kutafuta kisu wala pensi. Apeleke kwa mwalimu. Mikroskopi moja inangojewa na wanafunzi wengi. Sisi tutaondoka mwisho wa mwaka, lakini yenyewe itabaki na wadogo zetu, nao wanapashwa kuona chembe za kitunguu wazi kama sisi tulivyoziona.

MAULIZO

1. Kwa nini pete ya kufunga iko na vipasuko viwili, si kimoja?
2. Rudia hesabu yetu kwa mrija wa shaba ya manjano (mikromita 19 kwa mita na kwa digri). Ni chuma gani kinachoelewana zaidi na kioo?
3. Objektifi nyingi ziko na meno 36 kwa inchi moja (milimita 25,4). Ukizungusha mara moja, inasogea milimita ngapi? Linganisha jibu lako na ile 1,3 ya Hubble.