Dada Watatu Waliogeuka Mmoja: Wingi wa Nomino za Kike katika Kijerumani

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nilifeli mtihani wa Kijerumani, ngazi ya A1, kwa alama tatu. Haikuwa kozi ya hapa chuoni. Ilikuwa kozi ya jioni huko mjini, ya kulipia, na aliyelipa si mimi wala si bumu. Walilipa dada zangu watatu. Mmoja anauza chai na vitumbua, wa pili ni fundi cherehani, wa tatu anafundisha chekechea. Walichangishana mpaka ada ikatimia, wakaniambia, "Soma, mdogo wetu."

Siku ya mtihani wa kuzungumza, mwalimu akaniuliza ni nani anayenilipia kozi. Nikajibu kwa kujiamini: Meine Schwester bezahlt. Akauliza: Wie heißt sie? Yaani, anaitwa nani? Nikataja majina matatu. Mwalimu akacheka kidogo, akasema kumbe dada yangu ana majina mengi. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba nilichosema ni "dada yangu analipa". Wawili nilikuwa nimewafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwenye karatasi ya kuandika mambo yalikuwa yale yale. Kulikuwa na swali la kuweka nomino katika wingi, na nyingi nilizokosa zilikuwa za kike. Kurudia mtihani maana yake ni kulipa tena. Basi nikarudi hosteli, nikakaa na daftari wiki mbili nikipiga msuli jambo hilo moja tu. Nimeona niwaandikie nilichokipata, maana tupo wengi hapa tunaosoma Kijerumani: wengine wanatafuta ufadhili, wengine kazi ya uuguzi, wengine wanapenda tu.

Kosa lilipoanzia

Kosa langu lilianzia kwenye Kiswahili. Sisi tunasema dada yangu, dada zangu. Neno dada halijaguswa. Kilichobadilika ni yangu kuwa zangu. Ndivyo zilivyo nomino nyingi za ngeli ya I-ZI: nyumba hii, nyumba hizi, barua imefika, barua zimefika. Nomino inakaa kimya, majirani zake ndio wanaotoa taarifa.

Kijerumani kina jinsia tatu. Nomino ya kiume hutanguliwa na der, ya kike die, na ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, das. Zikiingia kwenye wingi, zote huchukua die. Sasa angalia. Der Lehrer ni mwalimu mwanamume. Wingi wake ni die Lehrer. Neno lenyewe halijaguswa, na hakuna tabu, kwa sababu der imegeuka die na msikilizaji ameshaelewa. Lakini nomino ya kike ilikuwa na die tangu umoja. Ikienda kwenye wingi inabaki na die ile ile. Meine nayo inabaki meine. Majirani wamenyamaza! Kwa hiyo ni lazima nomino yenyewe iseme.

Ukitoka na kitu kimoja katika makala haya, toka na hiki: nomino ya kike ya Kijerumani haiingii kwenye wingi bila kubadilika. Ukiiacha kama ilivyo, karibu kila mara umekosea. Inayokwepa ni kama die Mark, sarafu waliyotumia Wajerumani kabla ya noti za yuro kuingia mwaka 2002: mark kumi ni zehn Mark.

Mfano mzuri tunao mdomoni kila siku. Neno letu shule limetokana na Schule, tangu enzi za utawala wa Kijerumani. Kwao ni nomino ya kike. Sisi tunasema shule hii, shule hizi. Wao wanasema die Schule, die Schulen. Hela nayo imetokana na Heller, ambayo ni ya kiume: der Heller, die Heller, haibadiliki. Na rupia ya wakati huo, iliyogawanywa kuwa heller 100 kuanzia mwaka 1904, kwao ni ya kike: die Rupie, die Rupien. Unaona? Ya kiume imeachwa, ya kike imeongezwa n.

1. Kundi kubwa: -n na -en

Nomino za kike zilizo nyingi huishia hapa, kwa hiyo ukiwa hujui kabisa, bahatisha hapa.

Ikiishia na e, ongeza n tu: die Lampe, die Lampen (taa), die Blume, die Blumen (ua), die Straße, die Straßen (barabara). Ikiishia na el au er, ongeza n vilevile: die Insel, die Inseln (kisiwa), die Zwiebel, die Zwiebeln (kitunguu), die Nummer, die Nummern (namba). Na hapa ndipo alipo dada: die Schwester, die Schwestern. Herufi moja ndiyo iliyonifelisha.

Nyingi za zilizobaki huchukua en: die Frau, die Frauen (mwanamke), die Uhr, die Uhren (saa), die Tür, die Türen (mlango). Halafu kuna viishio ambavyo ukiviona tu unajua mambo mawili kwa mpigo, kwamba nomino ni ya kike na wingi wake ni en: -ung, -heit, -keit, -schaft, -tät, -ion. Maneno ya chuoni yamejaa humu: die Vorlesung, die Vorlesungen (mhadhara), die Prüfung, die Prüfungen (mtihani), die Universität, die Universitäten. Kwa kundi hili huna haja ya kukariri neno moja moja. Kariri kiishio.

2. Wanawake wenye kazi zao: -innen

Kijerumani hutaja mwanamke katika kazi au nafasi kwa kuongeza in: der Student ni mwanachuo wa kiume, die Studentin wa kike. Wingi wake huongeza nen, kwa hiyo n zinakuwa mbili: die Studentinnen, die Lehrerinnen, die Ärztinnen. Hakuna anayetoroka. Ukisahau n ya pili umeandika vibaya, na wasahihishaji huiona haraka.

3. Maneno mafupi yanayobadilisha irabu

Hapa ndipo penye kazi. Nomino kadhaa fupi, nyingi za silabi moja, hupata nukta mbili juu ya irabu, yaani umlauti, halafu huongezwa e mwishoni. Die Stadt, die Städte (mji). Die Hand, die Hände (mkono). Die Nacht, die Nächte (usiku). Die Wand, die Wände (ukuta). Die Kuh, die Kühe (ng'ombe). Die Nuss, die Nüsse (njugu). Die Frucht, die Früchte (tunda). Die Maus, die Mäuse (panya), na hapa sikiliza sikio lako: au husomeka "au", lakini äu husomeka "oi".

Sasa utauliza, mbona Uhr imekwenda Uhren na Kuh imekwenda Kühe? Nilimuuliza mwalimu swali hilo hilo. Alisema kwa mwanafunzi hakuna kanuni ya kushika hapo, ni kuyakariri. Kwa ngazi za mwanzo hayazidi ishirini na kitu. Mimi niliyaandika kwenye karatasi moja nikaibandika ukutani kando ya kitanda, hadi mwenzangu wa chumbani, anayesoma uhandisi, naye akawa anasema Hände akinawa mikono.

4. Mama na binti

Nomino mbili tu za kike hubadilisha irabu bila kuongeza chochote: die Mutter, die Mütter (mama) na die Tochter, die Töchter (binti). Ni rahisi kuzikumbuka, mama na binti wameandamana.

5. Wachache wa pembeni

Zinazoishia na nis huongeza se: die Kenntnis, die Kenntnisse (ujuzi). Nyingi za kigeni au za nyumbani zinazoishia na a huchukua s: die Kamera, die Kameras, die Oma, die Omas (bibi). Lakini die Firma (kampuni) huacha a yake na kuwa die Firmen.

Mitego

Mtego wa kwanza: kiishio -er. Tunakizoea kwa sababu ya Kinder (watoto) na Häuser (nyumba), lakini hizo si za kike. Nomino ya kike haichukui -er ya wingi. Ukisema Städter ukidhani ni miji, umesema watu wa mjini.

Mtego wa pili: neno moja, wingi mbili. Die Bank ina maana mbili. Die Bänke ni mabenchi, die Banken ni mabenki. Die Mutter pia ni nati ya fundi, na nati nyingi ni Muttern. Ukiwaita akina mama Muttern, umewafungia kwenye boliti.

Mtego wa tatu: vipimo. Wajerumani wakiagiza glasi mbili za maji husema zwei Glas Wasser, bila wingi, maana Glas si ya kike. Lakini vikombe viwili vya chai ni zwei Tassen Tee, na chupa mbili za maji ni zwei Flaschen Wasser. Nomino ya kike inadai wingi wake hata mezani.

Mtego wa nne: mit, yaani "pamoja na". Baada yake majirani hurudi kusema: mit meiner Schwester ni pamoja na dada yangu, mit meinen Schwestern ni pamoja na dada zangu. Ila hata hapo usiache n ya nomino.

Jinsi nilivyosoma

Niliacha kuandika neno peke yake. Kila nomino mpya niliiandika na die yake na wingi wake, mstari mmoja, nikaisoma kwa sauti: die Tür, die Türen. Nomino za kike niliziandika kwa wino mwekundu. Na kila siku niliandika sentensi tano mara mbili, umoja na wingi, kwa sababu kitenzi nacho hubadilika: Die Frau arbeitet. Die Frauen arbeiten.

Jaribu mwenyewe kabla hujalala: weka katika wingi die Zeitung (gazeti), die Gabel (uma), die Ärztin (daktari), die Wurst (soseji), die Tochter. Majibu: Zeitungen, Gabeln, Ärztinnen, Würste, Töchter.

Nilirudia mtihani mwezi wa tatu. Safari hii ada ya mtihani niliitoa kwenye bumu, nikala mihogo wiki nzima. Katika barua tuliyoambiwa tumwandikie rafiki, niliweka sentensi ambayo haikuombwa: Meine Schwestern bezahlen den Kurs. Nilifaulu.

Jioni ile niliituma sentensi hiyo kwenye grupu letu la familia, nikawaeleza n inafanya kazi gani. Dada mkubwa akajibu, "Kumbe pesa zote zile tulinunua herufi moja?" Nikamwambia ndiyo, na bila hiyo angeonekana amelipa mmoja tu. Akauliza ni nani huyo mmoja aliyepewa sifa mara ya kwanza. Mpaka leo sijajibu.