Kufundisha Uhariri wa Video: Kasoro za Mipito na Sababu Zake

Mwanachuo anayejifunza kuhariri video ya nyumbani hukutana mapema na tatizo moja. Picha alizopiga ni safi, na ndani ya programu ya kuhariri hazina dosari. Lakini akishatoa faili la mwisho, kila mahali ambapo picha moja inafifia ili nyingine ijitokeze, skrini hujaa vijiraba na nyuso hupoteza umbo. Mpito ukiisha, usafi hurejea. Walimu wengi hulijibu swali hili kwa kumwamuru abonyeze hapa na pale. Jibu hilo halifundishi kitu, kwani programu ikibadilika, amri hiyo hupotea pamoja nayo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha namna ya kuanza na sababu.

Yafaa kuanza na hesabu ubaoni. Fremu moja ya video ya ubora wa juu ina vitone 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Kila kitone kikipewa biti 24, na fremu zikiwa 25 kwa sekunde, tunapata biti 1,244,160,000 kwa kila sekunde. Faili lililotolewa kwa kiwango cha biti milioni 8 kwa sekunde hubeba takriban sehemu moja tu kati ya 155 za hizo. Wanafunzi waachwe wajiulize: zilizobaki zimekwenda wapi?

Hapo mfano wa daftari la mahudhurio hufaa kuliko maelezo marefu. Tuseme mwalimu haandiki majina ya darasa zima kila asubuhi, bali mabadiliko tu tangu jana: nani amehama kiti, nani hayupo, nani mgeni. Siku za kawaida mistari mitatu inamtosha. Ndivyo ufanyavyo mfumo wa H.264, uliotolewa mwaka 2003 na ambao ungali unatumika sana. Hutafuta katika fremu nyingine sehemu inayofanana, kisha huandika imesogea wapi na imetofautiana kwa kiasi gani. Sasa ichukuliwe siku ambayo mikondo miwili inabadilishana madarasa. Kila kiti kina badiliko, na mistari ni ile ile mitatu. Mwalimu atayafupisha majina hata yasisomeke. Vijiraba tunavyoviona katika mpito ndiyo majina hayo yaliyofupishwa. (Mfumo wenyewe una njia ya kukisia kufifia kwa picha, ila si kila programu huitumia.)

Mwanachuo aliyeelewa hayo huitaja dawa mwenyewe: daftari liongezewe mistari. Apandishe kiwango cha biti, tuseme kutoka milioni 8 hadi 16, au, ikiwa ukubwa wa faili una mpaka, achague njia ya kupita mara mbili, ambapo programu huikagua video yote kwanza, kisha huzigawa biti kwa kadiri ya ugumu wa kila sehemu. Sisi twaipendelea hii ya pili. Tena, mipito mingi haina haja yoyote. Mkato wa kawaida ungetosha.

Hata hivyo, si kila kasoro ni upungufu wa biti. Programu nyingine hunakili sehemu zisizoguswa kama zilivyo na kusimba upya mipito peke yake, hivyo tofauti hujitokeza wazi. Nyingine, wakati wa kutoa faili, hutumia tena picha za majaribio zilizotengenezwa kwa ubora hafifu. Hizo zifutwe ili zitengenezwe upya. Na picha za kamera nyingi za HDV na AVCHD zilirekodiwa kwa mistari ya kupishana, nusu ya mistari ikichukuliwa kabla ya nusu ya pili. Mradi usipopangwa kulingana nazo, vitu vinavyosogea huota kingo kama meno ya chanuo. Mwanachuo afundishwe kuyatofautisha meno na vijiraba kabla ya kugusa kitu.

Kwa zoezi, kila kikundi kipewe vipande viwili vifupi na mpito mmoja, kitoe mafaili matatu, kikibadilisha jambo moja tu kila mara, kisha kiisimamishe fremu ya katikati ya mpito na kuandika kinachoonekana. Vichaguliwe vipande vyenye majani au maji. Ukuta mtupu huficha kasoro.

Jambo moja lisilegezwe. Wanachuo wana mazoea ya kufuta picha za asili kwenye kadi mara faili linapokamilika, ili kupata nafasi. Majina yaliyokwisha kufupishwa hayarudi, na babu aliyesimulia mbele ya kamera huenda hatasimulia tena. Kabla ya kufuta chochote, mwanachuo aitazame kila mipito hadi mwisho, aweke nakala ya picha za asili mahali pengine, na mwalimu atie sahihi kwenye karatasi ya zoezi kwamba ameiona nakala hiyo ikifunguka.